Mume wangu ana kiwewe cha ajali ya lori. Je, tuuze miti akatibiwe kwa sumaku?

SWALI

"Daktari, shikamoo. Naandika kutoka Mafinga. Mume wangu ana miaka 44, alikuwa dereva wa semi za Tunduma–Dar. Mwaka juzi akishuka Kitonga na mzigo wa shaba breki zilifeli, gari likapinduka. Utingo wake, kijana wa Makambako aliyemchukua kama mdogo wake, alifia palepale. Yeye alivunjika mguu akawekewa chuma, na kichwani alishonwa. Mguu umepona ila yeye mwenyewe hajarudi. Usiku anaamka akipiga kelele, mguu unakanyaga godoro kama anatafuta breki. Akisikia harufu ya mpira unaoungua anatetemeka. Basi hapandi, hata Iringa mjini haendi. Anasema 'mimi ndiye niliyemuua yule mtoto.' Msimu wa ulanzi anakunywa kutwa. Duka la dawa wanamuuzia Valium alale. Watu walisema karogwa, tumezunguka kwa waganga hela zikaisha. Sasa shemeji yangu aliyeko Marekani ametuma video ya wanajeshi waliotoka vitani wanatibiwa kwa mashine ya sumaku inayowekwa kichwani, bila upasuaji wala dawa. Anasema India ipo na Afrika Kusini ipo. Tuna ekari 3 za miti ya mbao, bado miaka michache ikomae. Tuuze twende? Na hiyo sumaku haitamharibu ubongo?"

JIBU

Marahaba dada, na kamwene.

Nianze na la miti, maana najua wanunuzi wa mbao hawakawii. Msiuze. Mashine ya sumaku ipo kweli na kuna watu inaowasaidia, lakini kwa ugonjwa wa mumeo ushahidi wake bado unayumba, na yeye hajapata hata mara moja tiba iliyothibitika kuliko zote kwa ugonjwa huo. Tiba hiyo haihitaji pasipoti. Kwa ulivyoandika, tangu ajali itokee amepewa dawa ya usingizi, mmezunguka kwa waganga, na sina shaka ameshaambiwa ajikaze. Hakuna aliyekaa naye akamsaidia kuisimulia ile safari kuanzia Ilula mpaka gari lilipolala. Hapo ndipo pa kuanzia.

Ila kabla ya yote, jambo la haraka. Mtu mwenye kiwewe, anayekunywa, anayejihesabu muuaji wa mwenzake, yuko kwenye hatari ya kujiua hata kama hajawahi kutamka. Muulize mkiwa wawili, kwa maneno yaliyonyooka: umewahi kufikiria kujiua? Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo kichwani; wengi hupumua kwa kuulizwa. Dawa za wadudu za shambani zitoke nyumbani leo, zikafungiwe kwa jirani. Akikujibu ndiyo, na hasa kama ameshapanga namna, usisubiri siku ya kliniki. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo na asiachwe peke yake hata njiani.

Sasa ugonjwa wenyewe. Dalili ulizoandika ni za kiwewe kilichogoma kuondoka. Kwenye faili daktari akithibitisha ataandika PTSD. Karibu kila anayenusurika ajali ya namna ile hushtukashtuka na kukosa usingizi kwa siku au wiki kadhaa, na wengi hutulia wenyewe. Tunauita ugonjwa dalili zinapopita mwezi 1 na kumvuruga mtu kazi na nyumba yake. Tukio linamrudia bila kuitwa, ndiyo huko kukanyaga godoro. Anakwepa chochote kinachomkumbusha. Fikra zake zinageuka, anabeba lawama isiyo yake yote. Na mwili haulali, unakaa tayari muda wote. Barua yako ina yote manne.

Ndani kabisa ya ubongo, karibu usawa wa masikio, kuna sehemu ndogo iitwayo amigdala. Ndiyo inayotangaza hatari. Sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, mojawapo ya kazi zake ni kulipima tangazo hilo: moshi huu ni wa mtoto anayechoma takataka, si gari langu. Sehemu nyingine, hipokampasi, hulipa tukio mahali na wakati wake: ilikuwa Kitonga, ilikuwa mwaka juzi, imekwisha. Kwenye picha za ubongo za wagonjwa wengi wa kiwewe amigdala huonekana imechangamka kupita kiasi, na sehemu za mbele zinazoituliza hufanya kazi kwa unyonge. Mumeo mweleze kwamba ni taa ya hatari ya dashibodi iliyoganda inawaka huku injini ni nzima. Dereva ataelewa haraka kuliko nikimwandikia kurasa kumi. Na mwambie huu si woga. Mtu aliyeshusha semi Kitonga miaka yote ile hana haja ya kufundishwa ujasiri.

Tuje kwenye sumaku. Mwaka 1831 Michael Faraday alionyesha kwamba nguvu ya sumaku inayobadilika huzaa umeme kwenye waya ulio karibu. Mwaka 1985 Anthony Barker na wenzake huko Sheffield, Uingereza, waliitumia kanuni hiyo kwenye kichwa cha mtu aliye macho. Waliweka koili, yaani waya uliosokotwa mviringo, juu ya fuvu, wakapitisha umeme mwingi kwa muda mfupi mno, na mkono wa upande wa pili ukaruka bila mwenyewe kukusudia. Fuvu haliizuii sumaku. Inapita, na ikifika kwenye gamba la ubongo inazaa mkondo mdogo wa umeme unaoziamsha chembe za neva zilizo chini ya koili. Tiba hii hospitalini utasikia ikiitwa TMS.

Mgonjwa anaingia na nguo zake, anaketi kwenye kiti cha kuegemea, anavua hereni na saa, anaweka vizibo masikioni kwa sababu mashine inalia ta-ta-ta kwa sauti kali. Siku ya kwanza mtaalamu anatafuta kipimo chake. Anaweka koili juu ya eneo la ubongo linaloendesha mkono, anapandisha nguvu kidogokidogo, macho yote kwenye kidole gumba. Gumba likianza kurukaruka, kipimo cha mtu huyo kimepatikana, kwa kuwa kila mmoja ana chake. Kisha koili inasogezwa mbele, juu ya sehemu ile ya nyuma ya paji la uso. Kwa kiwewe wengi wameweka upande wa kulia. Anagongwagongwa kichwani, nyusi zinacheza, anapumzika, yanaanza tena. Kwa utaratibu wa zamani wa sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, ni dakika 37 na nusu kwa siku. Mwaka 2018 utafiti mkubwa wa Kanada ulionyesha kwamba utaratibu mpya wa dakika 3 haupitwi na ule mrefu. Siku 5 kwa wiki, wiki 4 hadi 6. Akimaliza anasimama anakwenda zake.

Kwa hiyo kuhusu kuharibu ubongo, ondoa hofu. Hii si ile tiba ya kushtua kwa umeme mgonjwa akiwa amelazwa usingizi ili apate degedege. Ni kitu kingine kabisa. Nguvu yake ni ya Tesla (kipimo cha nguvu ya sumaku) 1.5 hadi 2 hivi, sawa na MRI, ile mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili, tena kwa mapigo ya muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Wanaolalamika hulalamikia kichwa kuuma na ngozi ya kichwa kuwa na maumivu, na kwa kawaida hupungua baada ya siku za kwanza. Hatari kubwa ni kupata degedege, nayo humpata chini ya mtu 1 kati ya 1,000. Nitarudi kwenye hilo, kwa sababu ya ulanzi.

Kitu ambacho video hizo hazisemi ni kina. Koili ya kawaida inafika sentimita 2 au 3 tu kutoka kwenye ngozi ya kichwa. Amigdala haifikiwi. Tunachotegemea ni kwamba sehemu ya mbele ikiamshwa mara nyingi vya kutosha, itapata nguvu ya kuituliza ile ya ndani kupitia njia za neva zinazoziunganisha. Ni tegemeo lenye mantiki. Ila mantiki nzuri imewahi kuangusha tiba nyingi, ndiyo maana tunapima.

Na pia, kwa kuwa umetaja sumaku na dunia ina wajanja: bangili, mikanda na vito vya sumaku vinavyotembezwa stendi havina uhusiano wowote na haya. Sumaku iliyotulia haizai umeme kwenye ubongo hata ukiilalia mwaka mzima. Lazima ibadilike, kwa kasi kubwa sana. Usitoe hata shilingi.

Mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, FDA, iliiruhusu TMS mwaka 2008 kwa sonona isiyosikia dawa. Mwaka 2018 ikaongeza ugonjwa wa mawazo na matendo yanayojirudia bila hiari, na mwaka 2020 kuacha sigara. Kwa kiwewe haijaiidhinisha. Madaktari wa huko wanaitumia kwa hiari yao, na hao ndio aliowaona shemeji yako. Mwaka 2023 idara za Marekani zinazohudumia wanajeshi na wastaafu wa jeshi zilitoa mwongozo wao wa kutibu kiwewe, na kuhusu TMS zikaandika kwamba ushahidi hautoshi kuipendekeza wala kuikataa. Hao ndio wenye wagonjwa wengi, mashine na fedha. Kama wao wenyewe wamesita, sioni kwa nini mkulima wa Mufindi akate miti yake michanga.

Nikueleze kwa nini wamesita, maana hapa ndipo penye jambo zito.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Mwaka 2004 watafiti wa Israeli walichukua wagonjwa 24 wa kiwewe, wakawagawa, na wale waliopigwa mapigo 10 kwa sekunde upande wa kulia walipata nafuu kuliko waliowekewa koili bandia. Koili bandia inalia na kuonekana kama ile ya kweli ila haitoi mapigo ya kutibu. Mgonjwa hajui yuko kundi gani. Huo ndio mtihani wa haki, kwa sababu mtu anayetoka nyumbani kila asubuhi, anapokelewa vizuri na kuangaliwa kwa makini mwezi mzima hupata nafuu hata mashine ikiwa imezimwa. Mwaka 2019 wastaafu wa jeshi 50 huko Marekani walipewa utaratibu wa haraka kwa wiki 2. Sonona ilipungua na utendaji wao nyumbani na kazini ukapanda kuliko wa koili bandia, lakini dalili zenyewe za kiwewe hazikuachana kwa uhakika ndani ya wiki hizo.

Mwaka 2018 ukaja utafiti mkubwa zaidi kwa wastaafu 164 wenye sonona sugu, wengi wao wana kiwewe pia. Takriban 4 kati ya 10 walipona. Ila walipona hivyohivyo kwenye makundi yote mawili, la koili ya kweli na la bandia.

Kisha mwaka 2021. Ukinibana uniulize ni utafiti gani mmoja ningemsomea mumeo, ni huu. Watu 125 wenye kiwewe, kwenye hospitali kadhaa. Kabla ya kila kipindi cha sumaku walisikilizishwa kwa muda mfupi simulizi ya tukio lao wenyewe, lile baya, kisha wakawekewa koili inayofika ndani zaidi kuliko ya kawaida. Watafiti walitegemea kwamba kumbukumbu ikiamshwa halafu sumaku ikapita juu yake, ugonjwa utayeyuka. Makundi yote mawili yalipata nafuu kubwa. Lakini waliowekewa koili bandia ndio waliopata nafuu zaidi. Mimi nausoma hivi: kilichofanya kazi ni kule kuikabili simulizi mara kwa mara mahali penye usalama, na sumaku, ikiwekwa vibaya au wakati usiofaa, inaweza hata kuingilia kazi hiyo.

Upande wa pili, mwaka 2018 huohuo, wastaafu 103 walipewa sumaku muda mfupi kabla ya kila kipindi cha tiba ya mazungumzo. Hapo koili ya kweli ilishinda ya bandia, na tofauti ilikuwepo bado miezi 6 baadaye. Angalia kinachofanana kwenye tafiti hizi mbili. Penye nafuu kubwa pana mtu anayelikabili tukio lake. Sumaku, ikifaa, inafaa kama msaidizi.

Basi tuongelee hiyo tiba yenyewe, maana watu wakisikia "mazungumzo" wanadhani ni ushauri nasaha wa dakika kumi na kuambiwa usali sana. Mbinu zipo kadhaa. Ninayoipenda kwa wagonjwa wa huku kwetu ni ya kusimulia maisha, iliyotengenezwa na Maggie Schauer, Frank Neuner na Thomas Elbert wa chuo kikuu cha Konstanz, Ujerumani, na kupimwa kwa wakimbizi wa Afrika.

Siku ya kwanza mnalaza kamba sakafuni. Mwanzo wa kamba ni kuzaliwa kwake, mwisho wake ni leo, na kipande kinachobaki kimeviringishwa ni maisha yajayo. Mume wako atapewa maua na mawe. Ua ataliweka alipopata leseni, alipokuoa, mtoto alipozaliwa. Jiwe aliweke penye msiba wa mzazi, penye njaa kama ilikuwepo, na jiwe kubwa pale Kitonga. Wengi hunyamaza wakiitazama kamba yao, kwa sababu kwa muda mrefu wameishi kana kwamba maisha yote ni lile jiwe.

Vipindi vinavyofuata, kila kimoja saa moja na nusu hivi, anasimulia kwa mpangilio tangu utoto. Wanapofika kwenye ajali mwendo unapungua. Ilikuwa saa ngapi? Mlikula wapi? Utingo alikuwa anasema nini? Ulikanyaga, mguu ukahisi nini? Harufu ikaja lini? Mikono ilikuwa wapi? Ulifikiri nini? Anatokwa jasho, moyo unamwenda mbio, na mtaalamu anamrudisha kila mara: sasa hivi, hapa kwenye kiti, unasikia nini mwilini? Hakikatizwi kipindi hofu ikiwa juu. Wanakaa nayo mpaka ishuke yenyewe, na hushuka. Mtaalamu anaandika yote. Kipindi kinachofuata anamsomea, naye anasahihisha: hapana, kona haikuwa ile, ilikuwa ya pili. Mwisho anakabidhiwa simulizi ya maisha yake yote, imeandikwa na kusainiwa, na ajali ikiwa imekaa kwenye ukurasa wake na tarehe yake.

Kuhusu lile neno lake, "mimi ndiye niliyemuua", kuna kazi ya pekee. Hatumwambii "usijilaumu", ameshaambiwa mara nyingi na haikumsaidia. Tunakaa naye tunaipekua lawama kipande kwa kipande. Siku ile alijua nini, kabla ya kona, na amejua nini baadaye? Breki zikipata moto kupita kiasi kwenye mteremko mrefu hupoteza nguvu hata mguu ukiwa sakafuni; je, alipoondoka Tunduma nani alizikagua? Mzigo ulikuwa tani ngapi, na nani aliuamua? Pengine atabaki na kipande chake cha kweli, kwamba angeshusha gia mapema zaidi. Kipande hicho mtu anaweza kukibeba, akakiomboleza, hata akaenda Makambako kuwaona wazazi wa yule kijana. Kifo kizima hawezi kukibeba.

Matokeo? Kwenye utafiti wa mwaka 2004 kwa wakimbizi 43 wa Sudan waliokuwa kambini Uganda, mwaka mmoja baada ya tiba hii ni asilimia 29 tu waliobaki na ugonjwa. Waliopewa ushauri wa kawaida walibaki nao asilimia 79, na waliopewa elimu tu, asilimia 80. Mwaka 2008 huko Nakivale, Uganda, wakimbizi 277 wa Rwanda na Somalia walihudumiwa na wakimbizi wenzao waliofundishwa kazi hiyo, hawakuwa madaktari, na ikafaa. Mashariki mwa Kongo wanawake waliobakwa walitibiwa kwa vikundi kwa mbinu nyingine ya mazungumzo, ya kuzipekua fikra zilizoachwa na tukio, na matokeo yakachapishwa mwaka 2013 yakiwa mazuri sana. Hapa nchini, Moshi, pamoja na Bungoma ya Kenya, watoto yatima 640 walipewa tiba ya mazungumzo ya mbinu nyingine, iliyotengenezwa kwa watoto wenye kiwewe, na watu wa kawaida waliofunzwa. Matokeo yalitoka mwaka 2020, na kwenye maeneo 3 kati ya 4 dalili za kiwewe zilipungua kuliko kwa watoto waliopata huduma za kawaida. Kwa hiyo akija mtu kukwambia Waafrika hawawezi tiba ya kuongea, au kwamba lazima profesa, usimsikilize.

Tahadhari moja. Kumkalisha mbele ya ukoo au kanisa asimulie bila mtu mwenye ujuzi si tiba hii. Kunaweza kumwongezea ugonjwa.

Sasa hali yake yeye. Chuma cha mguuni hakina shida kabisa na TMS. Chuma cha kichwani ndicho kinachokataza: klipu ya mshipa, kipande kilichobaki ndani, kifaa cha kusikia kilichopandikizwa. Alishonwa kichwani, kwa hiyo siku yoyote mtakapofikiria sumaku au hata MRI, lazima ijulikane kama kuna kitu kilibaki. Na jeraha hilo la kichwa lichunguzwe kwa sababu yake lenyewe. Je, alipoteza fahamu? Amewahi kuanguka na kutetemeka baada ya ajali? Anasahau sana, anaumwa kichwa asubuhi? Kuumia ubongo na kiwewe hufanana na mara nyingine hukaa pamoja.

Ulanzi na Valium ni habari moja. Vyote viwili vinazima dalili kwa saa chache na vyote vinazidisha ugonjwa kwa miezi. Miongozo ya kiwewe inakataza kabisa dawa za jamii ya diazepamu kuwa tiba yake, kwani zinamzuia mtu kujifunza kwamba hofu hushuka yenyewe. Lakini asiviache ghafla! Anayekunywa kutwa au kumeza Valium kila usiku kwa miezi, akikatisha siku moja anaweza kupata degedege, na akiwekewa sumaku siku hizo anajiongezea hatari hiyo. Zipunguzwe kwa ratiba ya daktari. Muuzaji wa duka la dawa hapaswi kuendelea kumpa bila cheti, na hilo unaweza kumwambia leo.

Dawa zenye ushahidi ni sertralini, paroksetini na venlafaksini. Si za usingizi, hazileweshi, na huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi. Kwa mwenye sonona juu ya kiwewe zinasaidia kumwezesha kukaa kwenye kiti cha kusimulia. Daktari atachagua kulingana na kilichopo na hali yake.

Pa kwenda: anzeni hospitali ya hapo Mafinga, ombeni rufaa kwenda kliniki ya afya ya akili ya hospitali ya rufaa ya mkoa Iringa, au mje Mbeya, hospitali ya rufaa ya kanda. Pakihitajika zaidi kuna Mirembe, Dodoma, na Muhimbili. Mkifika msiseme "ana mawazo" au "halali vizuri", mtarudishwa na vidonge. Sema: alipata ajali, mwenzake alikufa, anaota ajali, hapandi gari, tunataka apimwe kiwewe na tunataka mtaalamu wa saikolojia tiba. Nenda na karatasi ya kutoka hospitali ya wakati ule na kopo la Valium.

Usafiri utauliza, kwa kuwa basi hapandi. Siku ya kwanza akodiwe gari dogo, akae anapotaka, mpite polepole. Baada ya hapo kupanda basi kuwe sehemu ya tiba, kwa hatua anazokubali mwenyewe na mtaalamu wake: akae kwenye Coaster iliyoegeshwa stendi ya Mafinga mpaka moyo utulie, arudi nyumbani. Siku nyingine mpaka Ifunda. Kisha Iringa mjini. Kisha Ilula. Kitonga iwe ya mwisho. Wewe usimvute kwa nguvu, lakini pia usimfanyie kila kitu ili asitoke. Huruma hiyo inaukuza ukwepaji.

Kama baada ya vipindi 12 hivi vya kweli, na dawa aliyoitumia kwa kipimo na muda wa kutosha, bado amezama, hasa sonona ikiwa imemlemea, hapo mazungumzo ya sumaku yafunguliwe upya, na kwa sonona sugu ninaweza kuiunga mkono bila kusita. Siku hiyo, kabla ya kutuma fedha popote, andikieni hospitali husika. Mnatibu sonona yake au kiwewe chake, na mmetibu wangapi wenye kiwewe? Mtapimaje nafuu, kwa dodoso gani, kabla na baada? Nani atakuwepo chumbani akipata degedege? Ni vipindi vingapi, na bei hiyo ni ya vyote au ya kimoja? Hesabuni wiki 6 za chumba na chakula kwa watu wawili juu ya hapo. Halafu waulizeni: katika wiki hizo 6, ni nani atakayekaa naye aisimulie ajali, na kwa lugha gani? Wakikosa jibu la hilo, msilipe.